Mahafali ya watoto yananichosha mpaka naogopa tarehe ikikaribia. Nifanyeje?

Mshauri, habari za kazi. Naandika kwa sababu jambo hili nikilitamka mbele ya watu naonekana sina moyo wa mama.

Nina watoto wawili, naishi Dar es Salaam, na kazi yangu ni uuguzi. Wa kwanza ni binti, yuko darasa la tatu. Wa pili ni wa kiume, ana miaka sita, anamaliza awali. Wanasoma shule moja ya binafsi, na Jumamosi ya mwisho ya Novemba kuna mahafali. Mdogo atavaa joho apokee cheti. Dada yake yuko kwenye ngonjera ya kutunza mazingira, amepewa mshororo mmoja wa kusema peke yake: "Miti yetu tuitunze, mvua itunyeshee." Anausema akioga, anausema akila, anausema akivaa soksi.

Tatizo langu ni kwamba siyawezi mahafali. Kadi huandikwa saa tatu kamili asubuhi. Tunafika, wazazi wa wahitimu tunapangiwa viti vya mbele, hatua chache tu kutoka kwenye spika mbili zenye urefu wa mtu. Muziki unaanza palepale, unapigwa mpaka kifua kinatetemeka, na hakuna kinachoendelea kwa sababu mgeni rasmi hajafika. Anafika saa sita. Ndipo maandamano ya wahitimu, wimbo wa taifa, sala, utambulisho wa meza kuu mtu mmoja mmoja, kisha kila darasa linapanda na wimbo, likishuka linarudi tena na mchezo. Maiki ni moja, watoto wanapokezana. Wakiishika mbali na mdomo hatusikii neno, wakiisogeza inapiga mluzi. Katikati ya wimbo wazazi wanapanda kutunza, watoto wanafunikwa na watu wazima wenye simu. Mwaka jana binti yangu aliimba na darasa lake dakika nne hivi, na nilichokiona zaidi ni kisogo cha baba mmoja. Halafu taarifa ya shule, risala, hotuba, harambee ya basi, vyeti, keki, shukrani. Chakula kilitoka saa tisa na nusu.

Mwaka huu ratiba imeniangukia vibaya. Ijumaa ile niko zamu ya usiku, natoka Jumamosi saa mbili asubuhi. Mume wangu ni dereva wa malori, atakuwa safarini. Yeye anasema nisijitese: nilipe mchango, dada wa kazi aende na simu arekodi, nitaangalia nikiamka. Mama mkwe naye anakuja kutoka Morogoro kwa ajili ya siku hiyo, ameshashona kitenge. Kwake mzazi anayeondoka kabla ya keki amemwaibisha mtoto mbele ya watu. Na binti yangu ameniuliza swali lililoninyima usingizi: "Mama, utakaa wapi, nijue pa kuangalia?"

Kinachoniumiza zaidi si uchovu. Wenzangu wanapiga vigelegele, wengine wanalia kwa furaha, mimi naangalia saa. Watoto wangu wakipanda nafurahi, kweli nafurahi. Wakishuka naanza kuhesabu yamebaki madarasa mangapi, na watoto wa watu wakiimba nahisi muda wangu unapotea. Je, nisiende? Niende kwa vipindi vya watoto wangu tu? Nijilazimishe siku nzima? Na ukweli huu nimwambie nani?

Mama Wawili, Dar es Salaam

*

Mama Wawili, pole na zamu za usiku, na hongera kwa wote wawili, mwenye joho na mwenye mshororo.

Nikikuelewa vizuri, unauliza mambo mawili yaliyoshikana. Moja ni la kupanga: zamu, saa saba za kukaa kitini, watoto wawili wanaopanda kwa nyakati tofauti, mume yuko barabarani, mkwe yuko njiani. Jingine ni la moyoni: unajilinganisha na wenzako na umeanza kujihukumu. Naomba tuanze na hili la moyoni, kwa sababu likibaki lilivyo, hata mpango mzuri utauona kama kutoroka.

Rudia kusoma ulichoandika. Umetaja spika, mgeni aliyechelewa, utambulisho wa meza kuu, visogo, simu, harambee, njaa. Karibu yote hayo ni mambo ya watu wazima. Sehemu ya watoto kwenye malalamiko yako ni ndogo, na yenyewe ni kwamba hukuwaona wala kuwasikia. Sasa jiulize: kinachokushinda ni watoto kuimba, au ni yote yaliyowazunguka? Sina hakika ya jibu, wewe ndiye utakayelijua. Lakini mtu aliyechoshwa na kelele na jua si sawa na mtu aliyechoshwa na mtoto wake.

Kuhusu wenzako wanaopiga vigelegele, safari hii watazame vizuri. Wengi hupiga watoto wao wakiwa juu. Muda uliobaki wanaongea, wanatafuta maji, wanatoka kununua ayisikrimu, wanajibu simu. Wewe unachukua saa saba za moyo wako unazilinganisha na dakika nne za mwenzako. Na kumsikiliza mtoto usiyemfahamu, anayeimba usichokisikia, huchosha kila mtu. Hilo halipimi mapenzi.

Swali moja tu hapa, na nakuuliza kwa upole: kutofurahi huku kuko kwenye mahafali peke yake, au kumeanza kuingia hata kwenye harusi, ibada, chakula, mazungumzo na marafiki? Kama ni kila mahali, na zamu za usiku zimefuatana, huenda ni jambo la kumwambia daktari. Wewe ni muuguzi, dalili unazijua kwa wagonjwa. Kuzisoma kwako mwenyewe ndiko kugumu. Vilevile, kama kwenye sherehe hizi kichwa hukupiga upande mmoja, mwanga ukakuumiza na kichefuchefu kikaja, fikiria kipandauso kabla hujafikiria kukosa moyo wa mama.

Sasa spika, ambazo naona umezipa uzito mdogo kuliko zinavyostahili. Sikio la mtu mzima hukadiriwa kustahimili desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka 3, muda huo hukatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na kwenye 100, kiwango ambacho spika kubwa za sherehe hukifikia bila shida kwa aliye mbele yake, ni robo saa tu. Wewe ulikaa hapo asubuhi nzima. Mwili uliotaka kukimbia ulikuwa sahihi.

Mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Ukitoka mita 4 ukakaa mita 16, umepunguza 12, na ile robo saa imekuwa saa 4. Kwa hiyo kiti cha mbele, kinachotolewa kwa heshima, ndicho kibaya kuliko vyote kwa masikio. Kiti kizuri zaidi kwako ni cha mwisho wa mstari, safu ya tano au sita, upande ule ambao watoto hupandia jukwaani. Wanaokwenda kutunza wengi hupita katikati, kwa hiyo pembeni macho yako yanabaki wazi, na watoto wakipanda wanapita karibu yako. Mwishoni mwa Novemba jua la Dar linakuwa karibu utosini baada kidogo ya saa sita, kisha huwachoma walio ukingo wa magharibi wa turubai. Ukifika adhuhuri, kaa mashariki.

Vizibo vya masikio vya sponji vinapatikana kwenye maduka ya dawa. Kiviringishe kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kiingize, kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 mpaka kijae. Watu wengi hukichomeka juujuu tu, halafu wanasema hakifanyi kazi. Pamba haisaidii sana. Ukivivaa vizuri bado utasikia maneno, maana spika zenyewe zina nguvu, ila kifua ndicho kitakachopumzika kwa umbali peke yake. Mchukulie na mama mkwe jozi moja. Watoto wadogo walioketi mbele ya spika wanahitaji kinga kuliko sisi, na hilo unaweza kumweleza mwalimu wa awali kwa lugha ya kitabibu bila kumkwaza mtu.

Tuje kwenye njia ulizozitaja. Nianze na ya mume wako, kwa sababu nadhani anakuhurumia na si vizuri kuipuuza. Kutokwenda na kutuma mtu arekodi kunawezekana, hasa kama zamu haibadiliki na usingizi umezidi. Kuna watoto wanaolipokea hilo vizuri kabisa wakiambiwa mapema, wakajua nani atakuja badala yako na atakaa wapi. Kinachoumiza zaidi ni neno "nitajaribu". Mtoto aliyeambiwa hivyo hukesha na macho getini asubuhi nzima, na akipanda jukwaani anakagua nyuso hadi anasahau maneno. Ukichagua njia hii, sema "siji" siku kadhaa kabla, na useme sababu: mama anatoka kuhudumia wagonjwa usiku kucha.

Hatari yake ni mbili. Video ya simu kutoka kwenye umati hunasa zaidi gumzo la walio jirani kuliko sauti ya mtoto, na zaidi ya yote huonyesha migongo. Dada wa kazi akienda, apewe kiti cha pembeni nilichokieleza, simu aishike kwa kuilaza upande, asivute picha karibu kwa vidole maana ubora unaharibika, aanze kurekodi watoto wakiwa bado wanapanda. Dakika moja ya video nzuri hula megabaiti 100 hivi au zaidi, kwa hiyo nafasi isafishwe usiku wa Ijumaa na chaji ijae. Hatari ya pili hairekebishiki kwa simu: binti yako hajauliza nani atarekodi. Ameuliza utakaa wapi.

Njia ya pili, kwenda kwa vipindi vya wako tu, inaonekana rahisi lakini ndiyo inayoharibika mara nyingi, kwa sababu ratiba iliyochapwa haifuatwi. Mgeni rasmi akichelewa, mshereheshaji hujaza pengo kwa burudani, na kilichoandikwa cha tisa kinaweza kupanda cha pili. Mzazi anafika kwa saa aliyoandikiwa, anaambiwa mwanao ameshamaliza. Ila kuna jambo la kukusaidia. Vitu ambavyo shule inataka mgeni rasmi avione huwekwa akiba mpaka akae, na ngonjera mara nyingi ni mojawapo, kwa kuwa ina ujumbe. Vyeti navyo kwa kawaida hutolewa na yeye. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba vipindi vyako vyote viwili viko baada ya mgeni kufika. Kama ni hivyo, ukitoka kazini saa mbili, ukaoga, ukalala saa tatu mpaka saa tano kasorobo, unaweza kufika kabla ya msafara wake. Watoto watatangulia na bibi yao.

Nasema "inawezekana", kwa sababu linahitaji kuthibitishwa na mwalimu wa darasa, tena kwa maswali mahususi. Kumuuliza mahafali yanaanza saa ngapi hakutakusaidia. Muulize: "Mwalimu, ngonjera ya darasa la tatu ni kabla au baada ya mgeni kufika? Ni namba ngapi? Ikihamishwa, nani ananipigia?" Na awepo mtu ndani mwenye simu, mkwe au dada, wa kukuamsha mambo yakianza kwenda mbio. Ukitumia bajaji au bodaboda badala ya gari utaepuka kuzibiwa na magari ya wengine wakati wa kutoka, na kuna sababu nyingine kubwa zaidi: usiendeshe. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, wepesi wa akili na mikono yake hushuka karibu sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Wewe utakuwa umezidi hapo.

Kuna pia kuondoka katikati na kurudi. Kabla ya kuamua, kumbuka kwamba watoto wakishuka jukwaani hawaendi nyumbani. Wanarudi kwenye viti vya darasa lao na wanaona kila anayenyanyuka. Ukiwaambia mapema kwamba mama atatoka kidogo kupumzika, arudi kwenye vyeti, hawatapata shida. Wakigundua wenyewe watajitafutia maelezo, na maelezo ya mtoto wa miaka sita kwa kawaida humhusu yeye mwenyewe.

Njia ya tatu ni kukaa mwanzo hadi mwisho. Neno ulilotumia ni kujilazimisha, na sioni ubaya wa kulitafakari upya. Kama unaweza kubadilishana zamu ya Ijumaa, siku hii inakuwa nyingine kabisa. Muone muuguzi kiongozi wa wodi mapema, ukiwa tayari na mwenzako aliyekubali na siku utakayomlipia, ikiwezekana siku ambayo hakuna anayeitaka, kama mkesha wa Krismasi. Gharama yake ni kwamba umetumia fadhila ambayo huenda ukaihitaji mtoto akiugua Januari. Hilo ni la kupima wewe. Vyovyote iwavyo, usiingie pale ukitegemea chakula chao: kuleni asubuhi kitu kizito, beba maji na kitafunwa cha kila mtu, na kanga ya kukalia, maana kiti cha plastiki kikipigwa na jua huunguza.

Kwa muda ule ambao watoto wa wenzako wako juu, naomba nikupe kitu cha kufanya na masikio yako, nikianza na ngonjera yenyewe. Ni ushairi wa majibizano. Mshairi Mathias Mnyampala aliusukuma sana miaka ya 1960, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 ukatumika kupeleka ujumbe mpaka mashuleni. Mmoja anauliza au anabisha, mwenzake anamjibu, ubishi unapanda ubeti hadi ubeti, na mwishoni wanakubaliana. Mara nyingi ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16, nane na nane. Hesabu mshororo wa binti yako: mi-ti ye-tu tu-i-tu-nze, nane. M-vu-a i-tu-nye-she-e, nane. Mwalimu aliyetunga anajua kazi yake. Ukijua hilo, hata ngonjera ya darasa la tano unaweza kusikia pale mtoto alipomeza silabi, akapungukiwa, akavuta pumzi kuifidia. Utasikia pia kama wanajibizana au kila mmoja anakariri kwa zamu akiangalia juu. Kukariri kwa zamu huchosha hata mwenye mapenzi. Kujibizana husikilizika, na hilo ni jambo la kumsaidia binti yako jikoni wiki hii: muulize, "Anayekuja kabla yako anasema nini? Wewe unamjibu nini?" Msemee mshororo wa mwenzake, naye amjibu huyo, si hewa. Mshikishe mwiko kama maiki, upana wa vidole vitatu kutoka mdomoni, usogee naye akigeuka. Mluzi ule hutokea maiki ikielekea spika au ikiwa mbele yake, kwa hiyo mfundishe asiielekeze maiki kwenye spika wala asisimame nayo mbele yake.

Halafu tazama pembeni ya jukwaa. Mara nyingi kuna mwalimu amechuchumaa mahali ambapo wageni hawamuoni, anatamka kila neno bila sauti na kufanya kila ishara ya mikono kwa nguvu kuliko watoto. Mtazame yeye wimbo mzima mmoja. Wale watoto walio wakavu usoni, wanaoonekana hawajui wanachoimba, utagundua macho yao hayako kwenu kabisa, yako kwake.

Sasa nikuulize kuhusu urefu wa shughuli, maana hapa dhana yako moja inahitaji kuguswa. Chukua shule yenye madarasa matatu ya awali na saba ya msingi. Yako kumi. Kila moja likipanda mara mbili, dakika tano juu na dakika tatu za kupanga mistari na kupokezana maiki, hiyo ni dakika 160 kabla mtu mzima hajafungua mdomo. Shule inayotaka kufupisha ina njia ya haraka: ichague watoto ishirini hodari, wengine wakae. Mtoto mwenye mshororo mmoja ndiye wa kwanza kuachwa. Sehemu ya urefu unaokuchosha ndiyo iliyompa binti yako nafasi. Nyingine, yaani kumsubiri mgeni, hotuba na harambee, haimpi mtoto yeyote kitu, na hiyo mna haki wazazi kuijadili.

Pa kuijadilia ni kikao cha wazazi cha mwanzo wa mwaka, kalenda inapopangwa. Kundi la WhatsApp usiku wa kuamkia mahafali si mahali pake, kwani hapo utaonekana mlalamishi na mwalimu aliyechoka atajitetea. Peleka mapendekezo machache yanayotekelezeka: awali wafanye yao siku nyingine au wamalize kabla ya saa tano, maana mtoto wa miaka minne hawezi kukaa kwenye joho saa sita, burudani ianze saa iliyoandikwa, mgeni awepo asiwepo, isipokuwa ngonjera na risala, maiki ziwe tatu, mbili zikiwa kwenye stendi, kutunza kusubiri wimbo uishe, spika ziwekwe mbele ya mstari wa jukwaa na fundi mitambo apunguze sauti wakati wa kusubiri. Hatari ni kwamba atakayependekeza huingizwa kwenye kamati. Usijitolee kama huna muda. Kupendekeza tu kunatosha.

Mama mkwe. Umeandika kana kwamba anakupima, na huenda kweli. Lakini mtu aliyeshona kitenge kwa ajili ya mjukuu amekuja kutafuta nafasi yake pia. Kabla hajafika, mpigie: "Shikamoo mama. Jumamosi nitatoka zamu asubuhi, naomba wewe ndiye uwapeleke watoto, ukae viti vya wahitimu kwa niaba yetu, na umvishe mdogo taji. Mimi nitafika kabla ya mgeni rasmi." Ukimwomba hivyo, kuchelewa kwako kunakuwa mpango wa familia wala si utovu. Anaweza kukataa, akasema kumvisha taji ni kazi ya mama. Msikilize. Labda mtamvisha pamoja. Suala la keki nalo muulize mapema, kwa sababu kama kwake keki ndiyo kipimo, kubaki kwa keki na kuondoka kabla ya chakula huenda kukamridhisha.

Na huu ukweli, umwambie nani? Mume wako, wote, akirudi. Rafiki mmoja wa kazini pia, utashangaa. Watoto hawana haja ya kuubeba. Lakini ukionekana umechoka, waeleze kwamba umechoka kwa usiku uliopita, wasije wakadhani ni kwa ajili yao. Baadaye ukiwapongeza, taja kitu ulichokiona: "Ulimsubiri mwenzako amalize ndipo ukajibu." Sifa ya "mlikuwa wazuri sana" kila mtoto huipata kutoka kwa kila mtu siku hiyo.

Lile swali la binti yako usiliache bila jibu mpaka Jumamosi. Ukishaamua kuja, mtajie mahali: mwisho wa mstari, upande wa ngazi, mama amefunga kilemba cha njano. Hata akikuta watu wamejaa, kilemba ataendelea kukiona. Wakati wa mshororo wake simu iwe mikononi mwa mtu mwingine, kwa sababu mtoto anayetafuta uso wa mama akikuta simu imeufunika, hajaupata.

Mwalimu wa darasa mpigie leo au kesho, kabla ya mazoezi ya mwisho na pilikapilika za joho. Saa kumi jioni, watoto wakishaondoka, huwa ana nafasi ya kuongea. Jibu lake la namba ya ngonjera ndilo litakalokuonyesha ipi kati ya njia hizi iko wazi kwako, na kama hakuna inayokaa sawa, niandikie tena kabla ya siku yenyewe.